Kabla ya Kucheka, Kaza

Benchi la kijiwe kile zamani lilikuwa mlango. Mlango kamili, wa mbao nzito, uliong'olewa kwenye nyumba iliyobomolewa, ukalazwa juu ya matofali mbele ya banda la fundi viatu, na mpaka leo una tundu la kitasa upande wa kulia. Anayechelewa kufika ndiye anayelikalia tundu, na hujisogeza kila baada ya dakika tano mpaka kikombe chake kiishe. Wenyeji wake ni watatu. Wa kwanza ni Vituko, fundi viatu mwenyewe, mtu ambaye akikupigilia msumari mmoja kwenye soli anakupa na visa viwili bila kuombwa. Wa pili ni Spana, fundi bomba, anayetembea na vifaa vyake hata akienda kwenye msiba. Wa tatu ni Hakimu, ambaye maishani mwake hajahukumu hata kuku. Alikuwa mfungua mlango wa mahakama kwa miaka ishirini na saba, na maneno ya mle ndani yakamganda mdomoni. Pembeni yao hukaa Mama Buli, muuza kahawa, mama wa makamo, mkaa wake mbele, kigoda chake chini, na mdomo usio na haraka.

Basi Jumanne hiyo asubuhi, saa tatu na ushee, Vituko alikuwa hajamchekesha mtu. Kikombe cha kwanza kikapita. Cha pili kikapita. Ala! Watu wakaanza kutazamana.

— Leo vipi, fundi? Umelala na njaa? akauliza Spana.

— Nimelala.

— Umelala tu?

— Nimelala, nimeamka, nimekuja. Mnataka nini tena?

Hakimu akaweka kikombe chini.

— Mahakama inataka kujua.

Vituko akagonga msumari, akaupinda, akaung'oa. Mkono wake haukuwa kazini siku hiyo.

— Mama watoto hacheki tena, akasema.

— Basi ndilo hilo? akasema Spana. Wangu hajacheka tangu tuoane.

— Wako hana sababu ya kucheka. Wangu alikuwa na mimi.

Hapo mtu asimlaumu Vituko kwa kujisifu, maana alisema kweli. Miaka thelathini iliyopita, binti mmoja alimletea kiatu kilichong'oka kisigino. Vituko akakigeuza, akakitazama, akamwuliza mwenzake wa kiatu hicho kafia wapi na mazishi ni saa ngapi. Binti alicheka mpaka akakaa chini, kwenye vumbi, na gauni lake jeupe. Cheko lenyewe lilivuka kuta tatu. Vituko alilioa cheko lile na mwenye nalo, akaishi nalo, akalea nalo watoto wanne, na kila alichokuwa anakisema kijiweni alikuwa amekijaribu kwanza nyumbani. Sasa ulikuwa unakwisha mwaka tangu alisikie. Akianza kisa, mkewe anakunja miguu, anauma midomo, ananyanyuka. Ngoja kidogo, nakuja. Akirudi, kisa kimeshapoa.

— Jana nimemwanzishia kile cha bwana harusi aliyekwenda harusini na viatu viwili vya kushoto, akasema Vituko. Nimefika pale anapoingia mlangoni, anazunguka tu, hawezi kunyooka. Mwenzangu kainuka kaondoka. Nikabaki na bwana harusi wangu mlangoni.

— Maskini, akasema Spana.

— Na si hilo tu. Kila Jumanne na Alhamisi, saa nne, anatoka. Nikimwuliza wapi, ananiambia, nakwenda viungo.

— Viungo vya mchuzi?

— Kwani viko vingine? Iliki, mdalasini, viungo! Miezi miwili sasa. Na chai yangu ya nyumbani haijaona hata punje moja ya iliki.

Mama Buli akatulia kidogo kama anayekumbuka jambo, kisha akakohoa.

— Ana duka mahali, huyo, akasema Spana. Anauza.

— Muuza viungo ananukia viungo. Huyu akirudi ananukia jasho. Tena anakwenda na taulo.

— Taulo!

— Na raba. Raba nimemshonea kwa mikono yangu mwenyewe. Haya niambieni, nani anakwenda kununua tangawizi na taulo?

— Iandikwe, akasema Hakimu. Taulo moja. Raba mbili. Endelea, shahidi.

— Analala upande wa mlango. Miaka yote alikuwa analala upande wa ukutani. Mwaka jana akaniambia, baba watoto, tubadilishane. Nikahama mie mjinga, sikuuliza.

Hakimu akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa.

— Upande wa mlango. Nimekaa mlangoni miaka ishirini na saba, bwana, mlango naujua. Mtu anayehamia upande wa mlango ana safari yake.

— Na nguo zote nyeusi. Au bluu ya giza. Yale magauni yake ya maua kayafungia sandukuni.

— Nyeusi? Basi nabadilisha hukumu. Hiyo si safari, hiyo ni msiba. Anakuombolezea.

— Hakimu, mimi nipo hai!

— Mahakama haijakataa. Inasema tu kuna mtu kawahi.

Siku nyingine Vituko angelidaka neno hilo, akalirusha juu, watu wakamwaga kahawa. Siku hiyo lilimwingia kifuani likakaa. Akatazama barabarani, kulia, kushoto, akauvuta mguu mmoja wa kiatu cha mteja, akatia mkono ndani na kutoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Alijua anachofanya si kizuri. Karatasi ya mke ni ya mke. Lakini ilidondoka kutoka kwenye taulo alfajiri ile, akaiokota, akaisoma mara tatu.

— Someni wenyewe.

Hakimu akavaa miwani. Akasimama, maana kusoma akiwa amekaa hajui. Maandishi yalikuwa ya mkono, makubwa, ya mtu mwenye subira.

— *KAZA. Hesabu mpaka kumi. LEGEZA. Rudia mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Usibane pumzi. Unaweza kufanya ukiwa umekaa, hata mbele za watu, hakuna atakayejua.*

Mkaa ukalia.

— Hiyo koki, akasema Spana.

— Nini?

— Koki inavuja. Haki ya nani, ndivyo tunavyofanya. Unakaza, unahesabu, unaangalia kama bado inadondosha, unalegeza, unakaza tena. Usikaze kwa pupa, utaharibu. Huyo aliyeandika ni fundi mwenzangu.

— Spana, kwako wewe kila kitu ni koki, akasema Hakimu. Mwezi ulipopatwa ulituambia kuna bomba limeziba.

— Nilisema inafanana.

— Sasa mke wa mtu atakuwa na koki wapi?

Wakamcheka Spana mpaka na yeye akajicheka. Mama Buli peke yake hakucheka. Alimtazama fundi bomba kwa heshima ambayo hajawahi kumpa tangu aanze kumwuzia kahawa.

— Hili ni gari, akasema Hakimu. Kaza, hesabu, legeza. Klachi hiyo. Mkeo anajifunza kuendesha. Ndiyo maana ya raba, ndiyo maana ya jasho. Siku moja utasikia honi mlangoni, utatoka na tabasamu lako, naye ndo huyo anaondoka.

— Hata mbele za watu, hakuna atakayejua? akasema Spana, aliyekuwa bado ana kinyongo. Klachi gani hiyo, ya kichwani?

Hakimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

— Basi si gari. Ni ujasusi.

— Mke wangu? Mke wangu hawezi kuficha hata keki ya mtoto!

— Ndiyo maana anafundishwa. Hebu fikiri. Nguo za giza. Mlango karibu. Kitu kinachofanywa mbele za watu wasijue. Na unadhani yuko peke yake? Huenda wako wengi. Huenda hapa tulipo, sisi tunapiga domo, wao wanakaza.

Spana akageuka polepole kutazama mtaa. Mwanamke mmoja alikuwa anapita na ndoo. Mwingine alikuwa dirishani anakung'uta mto. Mshonaji wa ng'ambo alikuwa ameinamia cherehani yake.

— Yule wa cherehani, akanong'ona Spana. Ona midomo. Anahesabu.

— Anahesabu vifungo, wewe.

— Mimi nakwambia anahesabu!

— Kahawa inapoa, akasema Mama Buli. Na midomo yake, ukiitazama vizuri, ilikuwa imefika saba.

— Ninyi mnacheza tu, akasema Vituko. Geuzeni karatasi. Nyuma.

Hakimu akageuza. Safari hii alisoma bila sauti ya mahakama.

— *Kabla ya kukohoa, kunyanyua kitu au kucheka: KAZA KWANZA.*

— Mmesikia? Kabla ya kucheka. Kuna mtu kakaa mahali na kalamu yake, kamwandikia mke wangu, huyo mumeo akianza vituko vyake, kaza, usimpe hata jino. Na yeye anajifunza, anakwenda na taulo, mara mbili kwa wiki, anatoka jasho kwa kujifunza kutocheka na mimi!

Akashika nyundo, akaiweka.

— Nitawaambieni ukweli. Mie sina kitu kingine. Sura sina, mali sina, miguu ya watu inaninukia mikononi mpaka Jumapili. Nilikuwa nina cheko lile. Likiondoka, nabaki nani?

Hakimu alikunja ile karatasi vizuri, mara nne, kama ilivyokuja.

Ndipo alipofika mwanamke mmoja, mgeni pale, mwenye mvi za mbele na raba moja mkononi. Soli ilikuwa imeachia kidoleni, inapiga domo.

— Habari za hapa. Fundi ni nani? Naomba nigundishiwe hii, nina haraka kidogo.

Vituko akaipokea, akapaka gundi, akaibana kwenye chuma chake. Mgeni akakaa benchini, juu ya tundu la kitasa, na hakuna aliyekumbuka kumwonya. Hakimu, ambaye hawezi kuona mtu mpya asimfanye shahidi, akamweleza kesi yote tangu iliki mpaka ujasusi, bila kusema mshitakiwa ni mke wa nani. Mgeni akasikiliza. Akaomba karatasi, akaisoma mbele na nyuma, akairudisha.

— Kwani huyo mama anaumwa wapi? akauliza.

— Nani kasema anaumwa?

— Si karatasi ya mazoezi hii? Mtu hakai akaandikiwa hivi kama mwili haumsumbui. Ndiyo nauliza, anaumwa wapi?

Spana akamtazama Hakimu. Hakimu akamtazama Vituko. Vituko akaitazama ile raba kwenye chuma chake. Alijua namba ya kiatu cha mkewe. Alijua kisigino cha kulia ndicho anachokimaliza kwanza, na kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto kina sugu isiyopenda viatu vya kufunika. Anaumwa wapi, hakujua. Hakuwahi kuuliza. Alikuwa ameuliza unakwenda wapi, unarudi saa ngapi, mbona huna iliki, mbona hucheki. Hilo moja hakuuliza.

— Wangu mimi, akaanza Spana, kujaribu kusaidia, wangu ni bega. Linamganda, hafikii kamba ya kuanikia. Au lile lilikuwa la dada yake?

— Wako je, mzee? mgeni akamgeukia Hakimu.

— Mahakama imeahirishwa, akasema Hakimu.

— Kahawa imekwisha, akasema Mama Buli.

Akalinyanyua buli lake kutoka kwenye mkaa, na wote wakasikia kahawa ikicheza ndani.

— Mbona bado imo?

— Imekwisha.

Akaingiza mkono nyuma ya kigoda, akatoa mfuko. Ndani ya mfuko mna raba. Juu ya raba mna taulo.

Wale wanaume watatu wakatazama taulo lile kama wameona nyoka.

— Mama Buli, unakwenda wapi? akauliza Spana, kwa sauti ndogo.

— Viungo.

— Tangu lini?

— Mwezi wa nne huu. Kila Jumanne na Alhamisi nafunga saa nne kasoro, na kikombe cha mwisho nawamiminia ninyi hawa hawa.

Mgeni akainuka akicheka.

— Kumbe tunakwenda njia moja, mwenzangu! Fundi, imeshika?

Ilikuwa imeshika. Mama Buli akajifunga mfuko begani, akamsogelea Vituko, akasema kwa chini wengine wasisikie.

— Siri ya mtu mimi siitoi. Kamwulize mwenyewe, ulivyoulizwa. Na hiyo karatasi irudishe.

Halafu, kwa sauti ya watu wote:

— Na wewe fundi bomba, usiwasikilize hawa.

— Kuhusu nini?

Lakini walikuwa wameshaondoka, raba kwa raba.

Vituko alifunga banda saa nne na nusu asubuhi, jambo ambalo hajalifanya tangu alipozaliwa kitindamimba wake. Njiani akapita dukani. Alipofika nyumbani akaiweka karatasi mezani, wazi, akaizuia na bakuli la sukari, akabandika maji. Mkewe aliporudi, uso unameremeta jasho, taulo shingoni, alimkuta mumewe jikoni mchana kweupe, anatwanga.

— Kuna nini? Nani kafa?

— Hakuna aliyekufa. Hata mimi. Kaa.

Akaiona karatasi. Akakaa.

— Mama watoto, unaumwa wapi?

Mkewe akakunja ncha ya taulo, akaikunjua. Halafu akasema yote kwa mkupuo, akitazama meza. Tangu siku zake zilipokoma mwili ulianza kumgeuka. Usiku joto, magoti yanalia, na mkojo haukai. Akikohoa, unatoka. Akinyanyua ndoo, unatoka. Kuna misuli chini ya nyonga, mama mmoja wa tiba ya viungo ndiye aliyemweleza, imebeba watoto wanne, imezaa, sasa na umri umefika, imelegea. Inafundishika kama misuli ya mkono. Ndiyo kazi anayokwenda kuifanya.

— Ndoo siku hizi nanyanyua, akasema. Kukohoa nimekuweza. Kilichobaki ni kucheka. Kucheka ndiko kubaya kuliko yote, na mimi nimeolewa na wewe.

— Na nguo nyeusi?

— Hazionyeshi.

— Na upande wa mlango?

— Choo kiko upande gani, baba watoto?

Vituko akaona aibu mpaka masikioni.

— Jana usiku, ulipoinuka…

— Nilikimbia. Sikufika.

— Kwa nini hukuniambia?

— Ungenifanya kisa cha kijiweni.

Mchi ukamtoka mkononi. Angeweza kunyamaza. Wengi wangenyamaza.

— Nimeshakufanya, akasema. Leo. Karatasi nimewasomesha. Niliogopa, nikadhani unajifunza kuniacha. Nisamehe, mke wangu. Nimekosa vibaya sana.

Mwanamke akamtazama. Jicho lile Vituko alilijua, na hakulipenda.

— Wamejua?

— Hawajajua lolote, naapa. Hakimu kasema unajifunza gari. Kisha akasema wewe ni jasusi.

— Jasusi!

— Kabla ya hapo alisema unaniombolezea kabla sijafa.

Midomo ya mkewe ikaanza kucheza pembeni. Akaidhibiti.

— Na Spana?

— Spana peke yake ndiye aliyesema kuna koki inavuja mahali. Tukamzomea.

Mkewe akainua kidole juu, ghafla, kama askari wa barabarani. Ngoja. Akafumba macho. Vituko akangoja, hapumui, mkono ungali na vumbi la iliki. Kisha cheko likaja. Lilivuka ukuta wa kwanza, likavuka wa pili, na jirani wa ukuta wa tatu akapiga hodi ukutani kuuliza kuna heri gani huko. Mwenyewe alikuwa anafuta machozi kwa taulo, mkono mwingine unapiga meza, na kwenye kiti chake hakunyanyuka.

Alipotulia akavuta kikombe, akanusa.

— Chai ina nini leo?

— Na mimi nilikwenda viungo.

Akanywa funda. Akaegemea, akakunja mikono.

— Haya. Yule bwana harusi umemwacha mlangoni tangu jana.

— Umekaza?

— Nimekaza. Anza.